Everlyne Wakio Wabwire na Mabomba Yaliyolala Uani Kwake

Ni nani kati yenu aliyewahi kusema kwamba Mama Alice alikula mabomba ya maji ya Kambi Kongwe?

Msiinue mikono, tuna ratiba na jua hili halimngoji mtu, lakini swali lenyewe litakaa hapa mbele pamoja na jeneza, kwa sababu marehemu aliagiza historia yake ianze nalo, akisema kwamba msomaji akianza na "alizaliwa" watu husinzia, na wakisinzia hawatasikia mwisho, na yeye alitaka mwisho usikike. Kwa hivyo tunaomba simu zizimwe, wale wa hema la nyuma wasogee, na waheshimiwa waliofika, ambao tunawashukuru kwa dhati kwa kufika, wapokee kwa moyo mweupe kwamba leo kipaza sauti hakitazunguka kwao, hilo nalo ni agizo lake.

Marehemu Everlyne Wakio Wabwire, ambaye wengi wenu mlimjua kama Mama Alice, alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 huko Werugha, kwenye Vilima vya Taita, akiwa mtoto wa tano na binti wa pili wa Mzee Johana Mwasaru na Mama Grace Mkawasi, ambao wote wametangulia. Alikulia kwenye ukungu, miwa na mifereji inayoteremka mlimani bila kuombwa na mtu, jambo tunalolitaja mapema kwa sababu maisha yake yote ya utu uzima aliyaishi huku chini kwenye nchi kavu, na hakuacha kushangaa kwamba kuna mahali duniani ambapo maji yanahitaji mwanasiasa.

Alianza masomo mwaka 1960 katika shule ya misheni iliyokuwa karibu na nyumbani, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1966, akafaulu, akaendelea hadi kidato cha pili mwaka 1968, mama yake alipougua na ikabidi binti mmoja abaki nyumbani, na kwa kuwa dada yake Mghoi alikuwa ameshaolewa, aliyebaki ni Wakio. Hakulalamika kwa hilo, ila alilitaja kila mara mmoja wetu alipoleta ripoti mbaya ya shule, kwa hivyo tuseme hakulalamika mbele ya wageni.

Ni katika miaka ile ya kumuuguza mama yake ndipo alipojifunza kutasa, na kwa ndugu zetu mliotoka Busia na Kakamega na kwingineko inafaa tueleze kidogo. Kwetu Wadawida, yaani Wataita, wazee walisema kwamba hasira ikilala moyoni mwa mtu dhidi ya mtu wake, inamharibia yule mwingine mambo hata kama mwenye hasira hamtakii mabaya, safari zinavunjika, mifugo inakonda, watoto wanaumwa, na dawa yake ni mwenye hasira kutia maji mdomoni, au pombe ya miwa kwa wale wa zamani, ayanyunyize nje, aseme moyo umetulia, na amtakie mwenzake mema. Mama Grace alimfundisha binti yake na sharti la nyumba yao, kwamba huwezi kukitema kitu ambacho hakijatajwa, aliyekosa akitaje kwanza kwa mdomo wake, ndipo aliyekosewa atoe maji kwa wake. Marehemu alikuwa Mwanglikana wa kwaya na wa Jumapili zote, na hakuona kwamba mambo haya mawili yanagombana, na mchungaji wetu, ambaye kila alipoyaona alitazama upande wa pili kwa heshima, tunamshukuru kwa shingo yake laini.

Mwezi Juni 1971, mama yake akiwa amepata nafuu, marehemu aliteremka Voi akaajiriwa katika shamba moja la mkonge, kazi yake ikiwa kuita majina ya wakataji alfajiri, na kwa kuwa alikuwa na sauti iliyofika hadi mstari wa mwisho, walisema hakuna aliyeweza kujifanya hakuitwa. Huko ndiko alikoonana na kijana mrefu, fundi wa njia ya reli, Obadiah Wabwire kutoka Funyula, na walipopanda Werugha kujitambulisha, Mzee Mwasaru aliuliza swali moja tu, "Kijana, kwenu ni wapi?", naye akajibu, "Mzee, ni kule reli inakoishia, halafu unaendelea kwa miguu." Mzee akauliza, "Na binti yangu utamwendesha kwa miguu?" Obadiah akasema, "Hapana mzee, tutakaa huku huku kwenu." Walifunga ndoa kanisani Voi siku ya Jumamosi tarehe 6 Desemba 1975, wakahamia kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli hapa Kambi Kongwe, kati ya Voi na Maungu, na hawakuhama tena, hata reli ilipowapunguza watu wake na majirani wengi wakarudi magharibi. Baba alifariki mwaka 2009 na kuzikwa papo hapo tunapomzika mkewe leo, na kwa kadiri tunavyojua, ile ndiyo ahadi pekee aliyoitoa mbele ya watu maisha yake yote, na aliitimiza.

Mungu aliwajalia watoto watatu, Alice, aliyezaliwa mwaka 1977, muuguzi nchini Kanada, ambaye amefika juzi, Ben, wa mwaka 1980, dereva wa malori, na Lorine, wa mwaka 1983, mwalimu wa chuo kikuu, ambaye ndiye anayewasomea na ambaye alionywa na marehemu asilete Kiingereza hapa. Wa nne hakuzaliwa katika nyumba hii. Ni Sylus, mwana wa dada yake Mghoi, aliyeletwa mwaka 1986 akiwa na miaka saba, baada ya mama yake kufariki, akapewa kitanda kimoja na Ben, akaitwa mwana kama wengine, akachapwa kama wengine, na akamwita marehemu Mama siku ya tatu bila kuambiwa. Alikuwa mtoto mwenye mdomo, Baba akisema huyu atakuwa mhubiri au dalali, na hatukujua wakati ule kwamba ipo kazi inayochanganya zote mbili.

Kuanzia mwaka 1988 marehemu aliendesha hoteli yake pale barabarani, chai, maharagwe na kimanga cha muhogo uliopondwa, na madereva wa kutoka Mombasa hadi Malaba walijua kwamba kwa Mama Alice unakula kwanza na kusimulia shida zako baadaye. Alikuwa mtu wa maneno machache na alichukia sana mtu wa maneno mengi, isipokuwa Sylus. Rafiki yake mkubwa alikuwa Mama Kavetsa, mjane wa fundi mwenzake Baba, wawili walioteka maji pamoja, waliozikiana waume, na waliogombana kila Krismasi kuhusu chumvi ya pilau. Mwaka 2001 akina mama wa Kambi Kongwe waliunda kikundi chao na kumchagua marehemu awe mwenyekiti, na kikundi kilikuwa na ombi moja tu kwa kila aliyekuja kuomba kura, nalo ni maji, kwa sababu bomba kubwa linalopeleka maji Mombasa linapita hapo karibu na barabara, tunaliruka kila siku, na sisi wenyewe tunakunywa ya mkokoteni wa punda.

Tunafika sasa mwaka 2022, na hapa tunaomba utulivu. Sylus alisimama kuwania uwakilishi wa wadi, na ingawa hakuwa na chama kikubwa wala ukoo mkubwa nyuma yake, alikuwa na kitu ambacho wenzake hawakuwa nacho, alikuwa na mama anayeaminiwa. Aliahidi maji. Wote waliahidi maji, ndiyo maana Mama Kavetsa alimgeukia marehemu katikati ya mkutano wa akina mama akamwambia, "Mama Alice, huyu mtoto ana maneno, tumeskia. Wewe unasema aje?" Marehemu akasimama, akakaza leso, akasema, "Sylus nimemlea mimi. Akisema maji, ni maji." Hayo ndiyo maneno yaliyomletea Sylus kura, si mabango, wala fulana, wala wimbo ule wa spika.

Jumamosi tarehe 16 Julai 2022 lori lilifika likiwa na mabomba meusi ya plastiki yaliyoviringishwa, likayashusha uani kwa marehemu, kwa kuwa ua wake ndio wenye seng'enge inayowapa ndovu shida kidogo. Akina mama waliimba hadi sauti zikakauka, Katuku, mmoja wao, akacheza mpaka akaanguka juu ya mabomba yenyewe akakataa kuinuliwa, na marehemu, kwa furaha aliyokuwa nayo, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanyia kitu cha serikali. Alitia mdomoni maji ya mkokoteni, akayanyunyiza juu ya mabomba, akasema yafike penye kiu, na aliyeyaleta asipungukiwe. Alikitasia kitu kisicho chetu, na hilo ndilo kosa lake katika habari hii yote, hana lingine. Picha tunayo. Sylus amesimama nyuma akitazama viatu vyake, na wakati ule tulidhani ni unyenyekevu.

Kura zilipigwa tarehe 9 Agosti, Kambi Kongwe ikampa karibu zote, akashinda. Jumapili tarehe 28 Agosti, watu wote wakiwa kanisani, mabomba yaliondoka. Marehemu aliporudi alikuta alama za magurudumu na nyasi zilizolala, na lango limefungwa. Sasa lango lile lina ujanja wake, lazima uliinue kidogo huku unalisukuma kwa goti, la sivyo komeo halishiki, na mgeni yeyote huliacha wazi, hata mchungaji, hata chifu, na siku ile lilikuwa limefungwa vizuri kabisa. Alishika komeo, akalitazama, akasema, "Haya." Hakuongeza neno juu ya jambo hilo mbele ya majirani kwa zaidi ya miaka mitatu.

Lorine alipomuuliza kwenye simu kwa nini asiseme alichokijua, alijibu, "Nikimtaja mimi, nitakuwa nimetapika badala yake. Mdomo anao, niliulisha mwenyewe, ataufungua." Tulimwambia anajiumiza bure. Alisema chai inafurika, akakata.

Siku ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba 2022, kwenye uwanja wa shule, Mama Kavetsa alisimama mbele ya watu akasema, "Mheshimiwa, tunashukuru sana kukuona, umenona, lakini maji iko wapi?" Watu wakacheka, na Sylus naye akacheka, na ni katika kile kicheko ndipo alipopata njia ya kutokea. Alisema, "Akina mama, mimi mabomba nilileta, si mliyaona? Mlicheza hapo, mkapiga picha. Sasa yalikaa kwa nani? Muulizeni aliyekaa nayo." Shingo zikageuka, uwanja mzima. Marehemu alikuwa mstari wa mbele na leso yake mpya aliyoivaa kwa ajili ya mwanawe. Alimtazama Sylus, Sylus akatazama bendera, kisha marehemu akainuka, akapangusa kiti alichokikalia, akaenda zake.

Yaliyofuata mnayajua, kwa sababu mengi yalifanywa na ninyi, na tunayasema bila kinyongo kwa kuwa yeye mwenyewe alikimaliza kinyongo, mtasikia. Aliitwa Mama Mabomba. Vijana waliopita hotelini waliagiza "chai ya bomba" wakipiga makofi. Ilisemwa kwamba aliuza mabomba Kishushe, wengine wakasema Taveta, na wachache wenye bidii wakasema Tanzania. Jumamosi tarehe 4 Machi 2023 kikundi kilimvua uenyekiti, na alimkabidhi Mama Kavetsa ufunguo wa stoo ya masufuria, yale yale yanayowapikia leo, akisema, "Ile kubwa inavuja chini, usiiweke moto mkali." Mama Kavetsa alichukua ufunguo, na hawakusalimiana tena, wakipishana njiani kama watu wasiojuana. Hilo ndilo lililomkondesha, si kelele za vijana. Kwa mwanamke ambaye hakuwa na shamba kubwa wala cheo kingine, alichokuwa nacho ni kwamba akisema jambo watu hawakwenda kuuliza kwingine, na hicho ndicho kilichopakiwa kwenye lori Jumapili ile. Ni Syokau peke yake, yule muuza nyanya, aliyeendelea kuja kunywa chai kila asubuhi, akisema yeye haendi kwa siasa anaenda kwa tangawizi, na tunamshukuru sana, kwa sababu zote mbili.

Na Sylus je? Mheshimiwa aliendelea kuahidi. Aliahidi taa za barabarani, tukaletewa mlingoti mmoja, uko pale, mbuzi wanaujua. Aliahidi zahanati, jiwe la msingi likawekwa na utepe ukakatwa. Mwezi Septemba 2025, Alice alipopiga simu kutoka Kanada, ambako nao walikuwa wamechagua wabunge mwaka huo, alilalamika kwamba mgombea mmoja wa mtaani kwao alibisha hodi nyumba kwa nyumba akiahidi nyumba za kupanga wanazozimudu watu wa kawaida, na baada ya kuingia akawatumia ujumbe kwamba hali imebadilika. Marehemu alicheka sana, akasema, "Kumbe hata kwenye barafu?" Halafu akauliza, "Alikuja mwenyewe kusema hali imebadilika, ama alituma?" Alice akasema alituma. "Basi bado," marehemu akasema. "Mwendeeni ofisini, kaeni hapo, aje aseme kwa mdomo. Nyumba zinaweza kushindikana. Kusema hakushindikani." Alice anatuambia kwamba alikwenda, na wenzake wawili, na watatujulisha.

Mwezi Oktoba mwaka huo Sylus alikuja nyumbani, mara ya kwanza tangu Mashujaa ile. Alikuja na unga, sukari na kreti ya soda, kumletea mwanamke aliyekuwa na ugonjwa wa kisukari tangu mwaka 2011. Gari lake lilikuwa limepinduka upande wa Maungu akimkwepa ndovu, mkewe alikuwa amerudi kwao Mwatate, na kila alipohutubia spika zilizima. Alipiga magoti jikoni akasema, "Mama, nitasie. Nimekuwa mtu wa mikosi, na uchaguzi huo unakuja."

Marehemu alikuwa anachambua maharagwe. Alisema, "Nitatasa na nini, mwanangu? Lete maji."

Sylus akanyoosha mkono kwenye kreti. "Si hayo," akamwambia. "Sema kwanza."

"Mama, si wewe unajua?"

"Mimi najua. Wanaokunywa ya punda ndio hawajui."

Sylus aliinuka akaondoka, akisahau kuaga lakini akikumbuka kulifunga lango kwa goti. Soda tulizigawa kwa majirani.

Mwezi Novemba 2025 marehemu alivimba miguu, akapelekwa hospitali ya Voi, ikaonekana figo zimechoka, akaanza kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Daktari alimwonyesha kikombe chake cha bati cha bluu akamwambia, "Mama, maji ya kunywa ni kikombe hiki tu kwa siku nzima," naye akajibu, "Daktari usijali, mimi nimezoezwa na serikali." Wauguzi walicheka, yeye hakucheka, na tangu siku hiyo kikombe kile hakikumtoka mkononi, alikigawa kwa vijifunda, cha asubuhi, cha dawa, cha jioni, akikilinda kuliko simu yake.

Mwanzoni mwa Januari Sylus alimpigia simu. Hatujui walisemezana nini, ila marehemu alituma watu wawaite akina mama wa kikundi, wote, na Jumamosi tarehe 10 Januari 2026, saa nne asubuhi, wakakaa uani mwake, mahali pale pale palipolala mabomba. Mama Kavetsa naye alikuja, akachagua kiti cha karibu na lango, cha mtu aliye tayari kuondoka. Sylus alifika kwa miguu, bila dereva wala msaidizi, akaliinua lango kidogo, akalisukuma kwa goti, akalifunga nyuma yake, na akina mama wote wakamwona akilifunga, na wengine wakaanza kuelewa kabla hajafungua mdomo. Akasimama mbele yao akasema aliyoyasema.

Alipomaliza, marehemu aliomba kikombe chake cha bluu. Hakuwa amekigusa siku hiyo. Alitia funda la kwanza mdomoni, akalinyunyiza juu ya kichwa cha Sylus, akatia la pili, akatia la tatu, hadi kikombe kikakauka, akasema, "Moyo wangu umetulia. Sylus, usipungukiwe. Kavetsa, na wewe vile vile." Mama Kavetsa alikuja kutoka langoni akilia, akamshika mkono akasema, "Mama Alice, mimi nilikuwa nasema tu vile watu wanasema." Marehemu akamwambia, "Ndiyo, na watu wenyewe si ni wewe," kisha wakacheka wote wawili, wakaanza papo hapo kubishana kuhusu ile sufuria inayovuja. Jioni Lorine alimwambia Alice kwa simu kwamba Mama amemaliza maji yake ya siku bila kunywa hata tone. Marehemu alisikia kutoka chumbani akasema, "Nimekunywa. Ni nyinyi hamkuona."

Aliishi siku chache baada ya hapo, akiwa mchangamfu kuliko tulivyomwona tangu uchaguzi, akiletewa uji na Mama Kavetsa, ambao aliusifu hadharani na kuulalamikia faraghani. Jumatano tarehe 21 Januari 2026, alfajiri, moyo wake ulisimama akiwa hospitalini Voi, Ben akiwa amemshika mkono. Ameacha watoto wanne, wajukuu saba, na hoteli ambayo kesho itafunguliwa na Syokau.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, waliomvumilia mgonjwa aliyetaka kujua kila mmoja anatoka wapi na kwa nini hajaoa, vijana wa bodaboda waliombeba alfajiri kwenda kusafishwa damu na kuendesha polepole kama waliobeba mayai, madereva wa malori walioegesha leo kuanzia hapa hadi darajani na kuwafanya polisi wadhani kuna mgomo, wastaafu wa reli, kwaya, mchungaji, walimu wenzake Lorine, wenzake Alice wa Kanada waliomwachia zamu zao aje amzike mama yake, na yule mwenye lori la maji, kwa sababu maji mliyonawa na mliyopikiwa leo yameletwa kwa lori kutoka Voi. Hatutaki mtu aondoke hapa akidhani mfereji umefika. Haujafika. Bomba la Mombasa bado tunaliruka.

Tunawashukuru akina mama wa kikundi, waliomrudishia uenyekiti tarehe 12 Januari akiwa kitandani, naye akaukataa, akasema Kavetsa anaendesha vizuri na ufunguo asiuhamishe hamishe, lakini tuliona jinsi alivyolala fofofo usiku ule.

Na wa mwisho kushukuriwa ni Sylus, ndugu yetu. Tunamshukuru kama familia, si kama wapiga kura, hiyo ya kura mtaonana naye wenyewe mwaka ujao na hatuwaombei wala hatumwombei. Tunamshukuru kwa sababu wengi wametuahidi na wengi wametukosa, na wengine wako hapa wamekaa kwenye viti vyetu vizuri, na katika wote hao ni mmoja tu aliyekuja kwa miguu kusema.

Mama, amani uliidai ukiwa hai, ikaletwa mpaka uani kwako, kwa hivyo sisi hatuna ya kukutakia nyingine, pumzika nayo hiyo.

Marehemu aliagiza kwamba maneno ya tarehe 10 Januari yasomwe hapa bila kupunguzwa, ili waliotoka Werugha na Funyula, na walioyasikia ya mabomba bila kuusikia mwisho wake, wausikie. Jana jioni Sylus alikuja akasema hataki yasomwe na mtu mwingine. Tunampa kipaza sauti. Ameandikiwa hapa asipunguze kitu, na kikizima, apaze sauti.

"Naitwa Sylus. Mama aliyelala hapa ndiye aliyenilea. Yale mabomba hayakuwa ya serikali wala hayakuwa yangu, niliyaazima kwa mtu mwenye kandarasi yake kwingine, na siku ninayashusha hapa nilikuwa nimeshampangia siku ya kurudishiwa. Mlipokuwa mnacheza, nilijua. Mama alipoyatolea maji, nilijua, ndiyo sababu sikuweza kumtazama. Nilirudi Jumapili nikijua wote mko kanisani, nikayapakia, nikafunga lango. Mmeulizwa hapo mwanzo ni nani aliyesema Mama Alice aliyala. Msitafutane. Wa kwanza kusema, mbele yenu wote, siku ya Mashujaa, ni mimi."